Kufaulu na Kuchaguliwa

Mwaka 1986 mji wetu wa Tukuyu ulifanya jambo ambalo hata sisi wenyeji hatukulitarajia. Tukuyu Stars, ambao tuliwaita Banyambala, yaani wanaume, walitwaa ubingwa wa soka wa Tanzania Bara. Simba na Yanga zilibaki nyuma ya timu ya mji mdogo wa migomba, chai na mvua. Nakumbuka tulivyojazana barazani kwa jirani mwenye redio, watu wazima wakirukaruka kama watoto.

Nikamwuliza kaka yangu, "Sasa tunakwenda Afrika?"

Kaka akatikisa kichwa. "Bado kuna Muungano," akasema.

Miaka ile bingwa wa Bara hakupita moja kwa moja. Timu za Bara zilikutana na za Zanzibar katika Ligi ya Muungano, na bingwa wa hapo ndiye aliyeshika tiketi ya Klabu Bingwa Afrika. Mwaka huo ubingwa wa Muungano ulikwenda kwa Majimaji ya Songea. Nililia. Sikuelewa mtu anawezaje kuwa bingwa na mlango usimfungukie.

Kaka alielewa. Alikuwa amemaliza darasa la saba na kufaulu, lakini hakuchaguliwa, maana nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache kuliko waliofaulu. Siku majina yalipobandikwa aliisoma karatasi mara mbili, akarudi nyumbani, akachukua jembe na kwenda shambani bila neno.

Tangu hapo nimefuatilia zaidi jinsi timu zinavyotolewa kuliko zinavyoshinda. Mwaka 1969 Yanga walitoka sare ya 1-1 na Asante Kotoko ya Ghana, nyumbani na ugenini, wakatolewa kwa kura. Hawakufungwa, lakini walitoka. Mwaka 1979 Simba walichapwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia pale Dar es Salaam. Watu wakaona msiba umekwisha, kumebaki matanga tu. Simba wakaenda Lusaka, wakashinda 5-0, wakapita kwa tofauti ya bao moja.

Lakini lililonifundisha zaidi ni la Taifa Stars. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika, Januari 2024, walifungwa 3-0 na Moroko, wakatoka sare ya 1-1 na Zambia na 0-0 na Kongo. Pointi mbili, wa mwisho katika kundi, safari ya nyumbani. Desemba 2025, huko Moroko, walifungwa 2-1 na Nigeria, wakatoka 1-1 na Uganda, kisha 1-1 na Tunisia. Pointi mbili zilezile! Safari hii zilitosha nafasi ya tatu, na utaratibu wa timu 24 huwapitisha pia wanne bora kati ya sita walioshika nafasi hiyo. Angola nao walikuwa na pointi mbili, na tofauti ya mabao ilikuwa sawa na yetu. Sisi tulifunga matatu, wao mawili. Basi tukaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza, tukatolewa na Moroko 1-0 tarehe 4 Januari 2026.

Fikiri, ndugu msomaji: bao tulilofunga dhidi ya Nigeria, siku tuliyofungwa, ndilo lililotuvusha. Siku ile nani angelihesabu?

Nilimpigia kaka simu. Bado analima. Akacheka, akasema, "Kumbe pointi mbili zinatosha, ikiwa chekeche lina matundu mapana."

Nilijua anasema nini. Watoto wake wote walisoma sekondari ya kata, iliyojengwa karibu na nyumbani. Hawakuwa na akili kuliko baba yao. Wakati wao nafasi zilikuwa nyingi zaidi. Kwa hiyo siku hizi, nikisikia fulani ametolewa, kabla ya kuuliza alikosa nini, huuliza kwanza walikuwa wanapita wangapi.