Nani Alivumbua Oda ya Meza ya Nne?

Mwaka 1999 nilikuwa mhudumu katika hoteli moja ya Nakuru. Usifikirie vyumba na vitanda. Nasema hoteli ya kula, ile ya benchi na chai ya maziwa. Saa saba mchana watu wakijaa, nilisimama kwenye dirisha la jikoni na kupaza sauti: "Chapo mbili ndengu, meza ya nne! Ugali matumbo, meza ya saba, pilipili kando!" Mpishi akijibu "Imeingia!", mimi huyo, narudi kwa wateja. Karatasi hatukuwa nayo. Oda ilikaa kichwani mwangu na kichwani mwake.

Siku moja vichwa hivyo viwili havikupatana. Niliitisha nusu kuku, akatoka kuku mzima. Mteja akakataa kulipa, akaenda zake. Mwenye hoteli alipouliza, mimi nilisema nusu, mpishi akasema alisikia mzima. Yeye alikuwa mzee wa pale, mimi nilikuwa wa juzi. Nikakatwa mshahara.

Sikujua kwamba mwaka uo huo, huko California, kuna watu walikuwa wanahangaika na shida iyo hiyo. Tarehe 21 Septemba 1999, kampuni ya Ameranth ya San Diego iliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako bila ruhusa. Hawakuwa wa kwanza kuingiza kompyuta mkahawani. Mwaka 1986, katika maonyesho ya Comdex mjini Las Vegas, Gene Mosher alikuwa ameonyesha programu ya mkahawa iliyotumia kioo cha kugusa kwenye kompyuta ya Atari. Lakini mashine kama ile ilikaa mahali pamoja. Mhudumu bado alikuwa wa kutembea.

Ameranth walitaka kompyuta itembee naye mkononi. Tatizo lilikuwa kioo: menyu nzima ya mkahawa haikutosha kwenye kidude kidogo cha wakati ule. Basi programu yao ilichukua menyu kuu iliyo kwenye kompyuta kubwa, ikatengeneza kutoka kwayo menyu ya pili, fupi, yenye ngazi: bonyeza nyama, kisha aina ya nyama, kisha iive kiasi gani. Menyu hiyo ilitumwa hewani, bila waya, na vifaa vyote vikapaswa kukubaliana. Samaki akiisha jikoni, aishe kila mahali kwa wakati mmoja: mkononi mwa mhudumu, kaunta, na hata kwenye tovuti.

Hataza ya kwanza ya familia hiyo ilitolewa mwaka 2002. Simu za kisasa zilipoenea na watu wakaanza kuagiza pizza kwa kidole, Ameranth ilikwenda kortini. Kuanzia 2011 ilishtaki kampuni nyingi, za pizza, za hoteli na za teknolojia. Ikiwa ingeshinda zote, ingekuwa kama inatoza ushuru kwenye mlango wa kila jiko lenye kompyuta.

Haikushinda. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, kwamba wazo dhahania haligeuki uvumbuzi kwa sababu tu limefanywa na kompyuta ya kawaida. Novemba 2016, katika kesi ya Apple dhidi ya Ameranth, mahakama ya rufaa ilitumia kanuni hiyo kuyatupa madai yaliyokuwa mbele yake kutoka hataza tatu. Novemba 2019 ikawa zamu ya hataza nyingine, katika kesi ya Domino's. Kwa lugha yangu ya dirishani: kutunga menyu na kupeleka oda ni kazi ya mikahawa tangu zamani, na kuipa mashine hakuifanyi iwe yako. Hata sheria yetu ya mali ya viwanda ya mwaka 2001 haihesabu mbinu za kufanya biashara kuwa uvumbuzi.

Niliposoma habari hizo nilifurahi. Kumbe ile kelele yangu haina mwenyewe! Lakini pia nilijiuliza: kama kazi ilikuwa yetu sisi wahudumu tangu hapo, mbona hakuna aliyetuandika popote? Mashine imetuzidi kwa jambo moja tu, nalo si dogo. Inaweka kumbukumbu.

Mpwa wangu ni mhudumu Nairobi siku hizi, anatembea na kishikwambi. Hakipendi. Anasema kinamhesabia dakika, na meneja huzisoma jioni. Waifai ikipotea, anakimbia dirishani kupaza sauti kama mjomba wake. Lakini mwezi jana mteja alikataa sahani, na jikoni wakasema yeye ndiye alikosea. Akafungua oda yake: saa saba na dakika kumi na mbili, nusu kuku, meza ya nne.

Mshahara wake haukuguswa. Aliponisimulia, nilimwomba arudie ile sehemu ya nusu kuku.