Ukanda wa Kikomo cha Moshi

Matatu ikisubiri abiria katika stegi ya Ruiru huwa haizimwi. Makanga anagonga bodi kana kwamba safari ni sasa hivi, dereva anakanyaga mafuta ili abiria wasadiki, na ekzosi inatema moshi mweusi kwenye kimo cha uso wa mtoto aliyeshikwa mkono na mamaye. Miji kadhaa ya Ulaya imeweka mipaka ambayo gari la namna hiyo haliruhusiwi kuivuka, au huivuka kwa kulipa. Sweden ilianza mwaka 1996 kwa malori na mabasi ya dizeli katika Stockholm, Göteborg na Malmö. London ikafuata 2008, ikakaza masharti 2019, na tangu Agosti 2023 masharti hayo yameenea mji mzima. Mpango huo ukitajwa kwa Kiswahili, tafsiri inayokuja upesi kwenye kalamu ni "eneo la uzalishaji mdogo wa hewa ukaa". Ni tafsiri yenye makosa, na makosa yenyewe si ya sarufi. Yanambadilishia msomaji kitu kinachozungumzwa.

Hewa ukaa ndiyo gesi inayoipasha dunia joto. Haina rangi wala harufu, na kwa kiasi kinachotoka ekzosini haimdhuru aliyesimama stegini. Kinachomdhuru ni masizi, oksidi za nitrojeni, na chembechembe ambazo upana wake ni kama sehemu moja ya thelathini ya unywele, ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Masharti ya London yanaonyesha wazi kinachopimwa ni kipi. Gari kubwa la petroli la mwaka 2006, lenye kiu ya mafuta, kwa kawaida hupita bure, ilhali gari dogo la dizeli la 2012, linalokunywa kidogo, hulipa pauni 12.50 kwa siku. Ingekuwa hewa ukaa ndiyo inayohesabiwa, malipo yangegeuka. Mfasiri aliyeandika "hewa ukaa" amempeleka msomaji kwenye mikutano ya tabianchi, wakati sheria yenyewe inahusu kifua cha mchuuzi wa kando ya barabara.

Wapo wanaoikwepa hewa ukaa na kuandika "utoaji mdogo wa hewa chafu". Hawa wako karibu na ukweli, ila wamesahau kwamba katika Kiswahili cha kila siku anayechafua hewa ni mtu aliyekula maharagwe, na mkutano wa hadhara ukianza kwa kicheko ni vigumu kuurudisha kwenye hoja. Tatizo kubwa zaidi ni hilo neno "mdogo". Linaieleza sehemu kana kwamba moshi wake tayari ni mdogo, ilhali mpaka huwekwa mahali moshi ulipozidi. Tena halina kipimo: mdogo kuliko nini? Sheria za namna hii huwa na namba. Gari likiwa chini ya namba linapita, likizidi linalipa au linarudi. Kiswahili kina neno la jambo hilo na kila dereva analijua: kikomo. Kikomo cha kasi hakimwambii dereva awe na mwendo mdogo. Kinamwambia 50 au 80, na askari ana chombo cha kuhakikisha. Kikomo cha moshi kingeeleweka vivyo hivyo, bila semina.

Upande wa "eneo" nao una lake. Nchini Kenya neno hili limeshikwa na siasa, kwani tuna eneo bunge na eneo la utawala, na linaleta picha ya duara lenye katikati. Picha hiyo inaifaa London, ambako mpango wa 2019 ulianzia katikati ya jiji ukapanuka. Huku kwetu Kiambu miji haikujengwa hivyo. Kuanzia Githurai hadi Makongeni watu wamejipanga kando ya lami moja, barabara ya Thika: Ruiru, Juja, Witeithie, kisha Thika, hadi barabara inapokaribia mto Chania. Ruiru pekee ilikuwa na wakazi 490,120 katika sensa ya 2019, zaidi ya Kisumu. Moshi wao unaifuata barabara kama maji yanavyofuata mtaro. Ukichora duara katikati ya Thika utawaacha nje wengi wanaouvuta, lakini ukanda utawakusanya. Hivyo napendekeza "ukanda wa kikomo cha moshi", na nikikosea popote, sidhani ni kwenye neno la kwanza.

Mtaalamu wa kemia atapinga kwamba moshi ni kile kinachoonekana, na oksidi za nitrojeni hazionekani. Pingamizi hili lina uzito kwenye maabara kuliko gereji. Bomba la moshi huitwa hivyo hata likiwa la gari jipya lisilotoa hata wingu, na fundi akisema moshi wa gari haufai amemaanisha vyote vinavyotoka humo. Wengine watauliza kuhusu viwanda vya Thika na takataka zinazochomwa vichochoroni: je, navyo vimo? Ni swali la haki, na linadai sheria yake. Katika hati rasmi jina lirefushwe, "ukanda wa kikomo cha moshi wa magari", mjadala uishe.

Pingamizi zito ni la mfuko. Mwenye matatu kuukuu ana mkopo, abiria wake ana nauli ya kuhesabu, na ukanda waweza kugeuka uzio wa kuwafungia maskini nje. Tumewahi kuonja. Tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya Nairobi bila abiria kuandaliwa njia nyingine. Watu wakatembea kwa maelfu, wazee na wajawazito wakiwemo, na marufuku ikasitishwa upesi. Mwenye kulitumia tukio hilo kuukataa ukanda, hata hivyo, analisoma kinyume. Marufuku ile haikuuliza gari linatoa moshi kiasi gani. Iliitimua matatu kwa kuwa ni matatu na kuliacha gari la dizeli la mtu mmoja lipite. Kikomo kinapima bomba bila kujali mwenye bomba, na matatu iliyotunzwa ingepita palepale gari la bosi linapozuiwa.

Wala si kweli kwamba vikomo ni mambo ya Wazungu. Petroli yenye risasi iliondolewa nchini kufikia mwanzo wa 2006. Mwaka 2015 dizeli iliwekewa sharti la kutozidi salfa sehemu 50 kwa milioni. Gari lililotumika likizidi miaka minane halishushwi Mombasa. Kikomo kwa hiyo kipo bandarini. Likishatoka hapo, gari linazeeka litakavyo. Na njia mbadala imeanza kuundwa papa hapa: tangu 2024 kampuni ya BasiGo inaunganisha mabasi ya umeme katika kiwanda cha KVM mjini Thika, kilekile kilichozaliwa miaka ya 1970 kikiitwa Leyland Kenya. Atakayesema umeme nao una moshi wake mahali fulani atakuwa sahihi katika nchi zinazochoma makaa ya mawe. Umeme wetu kwa sehemu kubwa unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo. Bei ya basi bado ni mlima, hilo sibishi, na ndiyo sababu kikomo kianze mahali gari lililofanyiwa matengenezo linaweza kukifikia, ndipo kishuke mwaka hadi mwaka.

Istilahi hufa au huishi mdomoni mwa wasafiri. Dar es Salaam serikali ilileta mabasi yaendayo haraka mwaka 2016. Wananchi wakayaita mwendokasi, na jina likasimama. Sisi mwaka 2018 tulichorewa mstari mwekundu kwenye barabara ya Thika kwa mabasi ya aina hiyo, tukaupa herufi tatu za Kiingereza, na rangi ikachujuka kabla mstari haujapata jina. Ukanda wa kikomo cha moshi nao utafupishwa, pengine ukawa "kikomo" tu: makanga atasema hii gari haiingii kikomo, na abiria ataelewa. Siku Kaunti ya Kiambu itakapoita wakazi kutoa maoni, tangazo litoke kwa Kiswahili kwanza, na liwe na namba.