Banquo: Mwinyi Aliyezaliwa Kitabuni

Wasomaji wa tamthilia ya Macbeth, iwe kwa Kiingereza au katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, aghalabu humchukulia Banquo, mwinyi wa Lochaber, kuwa mtu wa kihistoria kama walivyo Duncan na Macbeth. Makala haya yanadai kuwa dhana hiyo haina mashiko, na kwamba kosa lenyewe lina funzo kwa mhakiki.

Duncan, mfalme wa Uskoti, aliuawa mwaka 1040, naye Macbeth akatawala hadi 1057. Hayo yamo katika kumbukumbu za kale, Banquo hayumo. Hata John wa Fordun katika karne ya 14, na Andrew wa Wyntoun mwanzoni mwa karne ya 15, waliosimulia habari za Macbeth, hawamtaji. Anazuka mwaka 1527 katika historia ya Kilatini ya Hector Boece, takriban miaka 490 baada ya kifo cha Duncan.

Kwa nini azuke wakati huo? Boece alimtunukia kitabu chake Mfalme James wa Tano, wa ukoo wa Stewart. Ukoo huo ulitwaa ufalme mwaka 1371, lakini asili yake ni Walter mwana wa Alan, msimamizi wa nyumba ya mfalme aliyefariki mwaka 1177, ambaye wazee wake walitoka Brittany, ng'ambo ya bahari. Banquo na mwanawe Fleance waliupa ukoo huo mizizi ya kale nchini. Mgeni akafanywa mwenyeji.

Raphael Holinshed aliichukua hadithi hiyo mwaka 1577. Kwake, Banquo anaijua njama ya kumwua Duncan na kuiunga mkono. Shakespeare, aliyeandika baada ya James wa Sita wa Uskoti kurithi kiti cha Uingereza mwaka 1603, alimwondoa katika njama hiyo. Haikufaa babu wa mfalme aonekane mshirika wa wauaji wa mfalme.

Kwa hiyo, swali la iwapo Banquo aliishi halitoshi. Yatupasa kuuliza pia ni nani aliyemhitaji, na kwa maslahi gani. Nasaba, sawa na tamthilia, ina mtunzi na hadhira yake. Walter, aliyeishi kweli, amebaki kwa wataalamu. Banquo, asiyepata kuishi, angali anaketi karamuni kila Macbeth inapoigizwa.