Bibi Titi Mohamed: kutoka ngomani hadi kudai uhuru



Sisi wa visiwani tunaoshuka boti Dar es Salaam kwenda Kariakoo kuchukua vitambaa, barabara ya Bibi Titi Mohamed tunaivuka karibu kila safari. Mabiharusi wanaokuja dukani kwangu kupima nguo, nikiwauliza Bibi Titi alikuwa nani, wengi huniambia ni jina la barabara tu. Leo nataka tumjue mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa Kiislamu wa pwani, aliyelelewa kama walivyolelewa bibi zetu, na utumishi wake kwa umma aliuanza mahali tunapopajua sote: kwenye ngoma na maulidi.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake hakutaka asome shule, akihofia mtoto atatolewa katika dini yake. Baba alipofariki, mama ndiye aliyempeleka, akapata elimu ya msingi. Alipovunja ungo aliwekwa ndani kama ilivyokuwa desturi, na akiwa na miaka 14 akaozwa kwa mume aliyemzidi sana umri. Ndoa hiyo haikudumu.

Alichojaaliwa Bibi Titi ni sauti. Alisoma kwenye maulidi, na kwenye kundi la ngoma la Bomba ndiye aliyekuwa mwimbaji wao mkuu. Tusiyadharau makundi yale. Mwanamke wa wakati huo hakuwa akitoka ovyo, lakini kwa harusi, msiba, maulidi na ngoma alipata ruhusa. Huko ndiko wanawake walikokutana, wakajuana na kusaidiana. Kila kundi lilikuwa na viongozi wake, michango yake na kanga zake za sare. Mwanamke alijifunza kuongoza wenzake na kutunza fedha za watu, tena bila ya kuingia ofisi yoyote.

Chama cha TANU kilianzishwa Julai 1954, na mwanzo kilikuwa cha wanaume. Mwaka 1955 alifika mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Ikabidi atafutwe mwanamke wa kuwaongoza wenzake. Mzee Schneider Abdillah Plantan akaenda nyumbani kwa Bibi Titi kumwomba, na mume wake wa wakati huo, Boi Selemani, akaridhia. Mume alikuwa na kadi namba 15 na mke namba 16.

Sasa tazameni alivyofanya. Hakuanza kwa kugonga mlango mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa makundi ya ngoma, maana alijua kiongozi akikubali, kundi lake litamfuata. Kabla mwaka 1955 haujesha, wanawake kiasi cha 5,000 walikuwa wamejiunga na TANU. Wengi wao hawakuwa na elimu kubwa. Walikuwa wauza maandazi, wauza vitumbua, wakaanga samaki, wanawake wenye vijisenti vyao wenyewe, na katika vijisenti hivyo walikichangia chama. Wanaume wengi walioajiriwa serikalini walikuwa wakizuiwa kujiunga na siasa, wakiogopa kufukuzwa kazi. Muuza vitumbua hakuwa na mwajiri wa kumfukuza.

Bibi Titi akazunguka Tanganyika akihutubia, mara nyingi pamoja na Mwalimu Nyerere. Hakuwa na Kiingereza cha kumfaa jukwaani, na hakukihitaji. Watu walikuja kusikiliza Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyezoea kuamsha ukumbi mzima.

Uhuru ukapatikana tarehe 9 Disemba 1961. Mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na yeye akawa mwenyekiti wa kwanza. Alikuwa pia mbunge na waziri mdogo katika wizara ya maendeleo ya jamii. Tukiishia hapo, hadithi ni tamu. Lakini anayetaka kumheshimu mtu lazima aisome na sura yake chungu.

Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi wa ubunge kule Rufiji. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi, pamoja na mengine, kumiliki nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba zake za kupangisha, akaona sharti lile si la haki kwake, akajiuzulu uongozi. Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na wengine, wakashtakiwa kwa kula njama ya kuipindua serikali. Kesi ikaenda siku 127. Akahukumiwa kifungo cha maisha. Yeye alikana tangu mwanzo, na hakuacha kukana. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka.

Alitoka kwenye upweke. Mume alikuwa amemwacha alipokuwa kifungoni, na wengi waliokuwa wakimshangilia hawakuonekana tena mlangoni kwake. Jina lililojaa midomoni mwa watu likawa halitajwi. Aliishi kimya miaka mingi, mpaka mwaka 1991, nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, ndipo akatajwa tena hadharani kama shujaa. Alikuwa na miaka 65. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg, Afrika Kusini, alikokwenda kwa matibabu. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe.

Tunayajua mengi ya maisha yake kwa sababu mwaka 1984, wakati bado hasemwi sana, mtafiti wa Kimarekani Susan Geiger alikaa naye akamsikiliza, yeye na wanawake wenzake wa TANU, kisha mwaka 1997 akatoa kitabu kuhusu wao. Mimi jambo hili linanifurahisha na kunitia haya kwa pamoja. Mgeni alivuka bahari kuja kuwauliza bibi zetu. Sisi tulikuwa nao mtaa mmoja.

Dini yetu inatufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Shukrani hiyo inakuwa na maana zaidi mtu akiwa hai na anaisikia. Barabara ni heshima, lakini kwa miaka karibu 20 alichokihitaji Bibi Titi ni mtu wa kubisha hodi na kumuuliza hali.

Na nyinyi mabiharusi, msidhani hadithi hii ni ya wanasiasa peke yao. Yale makundi yetu ya sare za harusi kwenye simu yana kiongozi, yana mhazini, yana orodha ya waliolipa na wasiolipa. Upatu wetu ni hivyo hivyo. Mimi nimeona wanawake 60 wakipata kanga moja, rangi moja, kwa wiki moja, bila ya kugombana. Kazi ile ile ndiyo aliyoitumia Bibi Titi mwaka 1955. Wanawake wanaoweza kukusanyika kwa ajili ya sare wanaweza kukusanyika pia kumlipia yatima ada, au kuchimba kisima cha madrasa.

Basi naomba jambo moja. Katika kila shehia yupo bibi aliyetumikia watu umri wake wote: mkunga, mwalimu wa chuo, muosha maiti, aliyekuwa akiandikia watu barua kabla ya simu. Mwende mkamuone wiki hii. Mchukulie kitu cha mkononi, kaa naye, muulize alianzaje, nani alimsaidia, nani alimwacha. Mkishakubaliana, irekodi sauti yake kwenye simu yako. Anayejua habari zake asubiri nini mpaka siku ya hitima ndipo azitaje?

Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote waliotutumikia, wanaojulikana na wasiojulikana. Amin.