Shule za Tanganyika na Mpaka wa Rangi

Chini ya utawala wa Waingereza, shule za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi. Wazungu, Waasia na Waafrika kila kundi lilikuwa na zake, na Waafrika, waliokuwa wengi kupita wote, ndio waliotengewa fedha kidogo zaidi kwa kila mtoto. Hiyo ilikuwa dhuluma ya wazi. Mjini Iringa, katika nchi ya Wahehe, ilijengwa shule ya bweni ya St Michael's and St George's kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Mtoto wa Kihehe wa jirani hakuwa na nafasi humo.

Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, sheria mpya ya elimu ilifuta ubaguzi huo. Baadaye shule ya Iringa ikapewa jina la Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na shule ya Wahindi ya Dar es Salaam ikawa Azania.

Pengo la dini lilikuwa gumu zaidi kuziba. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walihofia watoto wao wangebatizwa. Sheria ya mwaka 1969 iliiwezesha serikali kuzitwaa shule hizo na kupokea wanafunzi wa dini zote.