Watoto wa Leta na karatasi zao

Bandugu, sisi wa agronomia kila shamba lina fishi yake: mbegu gani, mvua ngapi, ugonjwa gani. Ndiyo maana hii historia inaniuma.

Dekreti ya Léopold II, mwaka 1890, ilifanya Leta kuwa mlezi wa watoto walioachwa. Kisha, wakati Bukavu inaitwa Costermansville, Wabelgiji walikuwa wanakamata watoto wa mama mwafrika na baba mzungu, wanawapeleka kwa misioni: Save, hapa Rwanda, Katende, kule Kasai. Hawa hawakuachwa. Walichukuliwa.

Na Leta iliandika sana! Lakini iliandika kwa mahitaji yake yenyewe. Baba mwenye kujulikana aliandikwa "hajulikani". Wengine walibadilishiwa majina, hata tarehe ya kuzaliwa. Sasa mutu mwenye alikomala hivyo atatafuta mama yake kwa karatasi gani?

Wamama watano wa Katende walishitaki Ubelgiji. Mwaka 2021 walishindwa. Tarehe 2/12/2024 korti ya rufani ya Brussels ikasema: ni uhalifu juu ya ubinadamu, kila mmoja alipwe euro 50.000. Ushahidi ulitoka pia kwa karatasi za koloni lenyewe. Dosye nyingi ziko kulekule Brussels mpaka leo, kwa arshive ya Leta yao.