Pembe za Dari: Kazi ya Seremala wa Unguja huko Doornfontein

Nyumba za mawe za Unguja na Lamu hazikuwa na mkanda wa dari. Boriti za mikoko zilionekana wazi, na urefu wake ndio ulioamua upana wa chumba. Ustadi wa seremala ulidhihirika mlangoni. Kwa hiyo marehemu ami yangu, aliyehama Unguja na kufungua karakana ndogo Doornfontein baada ya uchaguzi wa 1994, alikuta huko kazi ambayo wazee wake hawakumfundisha: ubao wenye mawimbi unaoficha maungio ya ukuta na dari.

Doornfontein ilianza muda mfupi baada ya dhahabu kugunduliwa Witwatersrand mwaka 1886. Matajiri wa migodi walijenga majumba pale, kisha wakahamia kilimani Parktown. Wakafuata Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, waliojenga sinagogi lao mwaka 1906, wakaja wafanyakazi Waafrika waliobanana katika nyua za kupanga, hatimaye viwanda. Nyumba chache za kale zilizosalia zimepita mikono mingi, na kuta zake hazijanyooka tena.

Katika nyumba moja ya namna hiyo, ami alitakiwa kurudisha mkanda wa chumba. Ubao uliookolewa ulitosha kwa shida, na umbo lake halikuuzwa tena dukani. Mkato mmoja ukienda upande, hapakuwa na ubao wa pili.

Zana zake zilikuwa msumeno wa mkono, guni, penseli na kisanduku cha kukatia alichokiunda kwa mbao tatu. Ubao aliuweka humo juu chini: ukingo wa darini ulilala kitakoni mwa kisanduku, na ukingo wa ukutani ukaegemea ubavu wake. Wengi hukata kila ncha kwa nyuzi 45, wakiamini kila pembe ya nyumba ni mraba. Lakini pembe ikiwa na nyuzi 94, nusu yake ni 47.

Ami hakuhesabu nyuzi. Alishika kipande cha mkanda kwenye ukuta mmoja, akachora darini mstari unaofuata ukingo wake, akafanya vivyo hivyo kwenye ukuta wa pili. Kutoka ncha ya kuta hadi mistari ilipokatana, ndipo pembe ilipogawanyika sawasawa. Mwelekeo huo aliuhamisha kwa vijiti viwili vilivyoungwa kwa skrubu, akachanja kisandukuni njia mpya ya msumeno.

Pembe za ndani zilitaka hila nyingine. Ubao wa kwanza aliukata wima, akaufikisha hadi ukutani. Wa pili aliukata mshazari ili mawimbi yake yajichore kwenye mkato, kisha akayafuata kwa msumeno mwembamba, akipunguza zaidi upande wa nyuma, mpaka ukaukumbatia wa kwanza. Majira ya baridi ya Johannesburg ni makavu na mbao hunywea. Kiungo cha mshazari hufunguka, hiki hubaki kimefunga.

Kisanduku hicho sasa ninacho mimi. Kina njia saba za msumeno, na ni mbili tu zilizo za nyuzi 45. Zilizobaki ni vipimo vya pembe za nyumba alizozifanyia kazi, wala hakuacha daftari jingine. Ndugu zangu, mkirithi masanduku ya mafundi wetu waliohama, yapimeni na kuwauliza wazee ni ya nyumba zipi, kabla hayajatupwa pamoja na mbao chakavu.